Goti la Chuma na Mfupa Uliokatika Juu Yake

Wazee wangu wa Bombo, akina mama, na nyinyi wauguzi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja hapa: asalaam aleikum, habari za mchana.

Nianze na bibi mmoja niliyemtibu. Goti lake la kulia lilibadilishwa India, akawekewa la chuma, akarudi anakwenda sokoni mwenyewe. Miaka sita baadaye akateleza bafuni, kwenye sabuni tu. Nyumbani wakasema goti limeteguka. Akaitwa mchuaji, akamchua siku 12. Alipofika kwangu paja lilikuwa limevimba na mguu umefupika. Kwenye eksirei goti la chuma lilikuwa zima, jeupe, linang'aa. Uliokatika ni mfupa wa paja, vidole vitatu juu ya chuma.

Wengi wenye goti kama hilo, wakivunjika, huvunjika hapo hapo. Kuvunjika kifuniko cha goti au muundi ni mara chache zaidi. Chuma ni kigumu. Mfupa wa mwanamke aliyekoma hedhi zamani, au wa mtu aliyemeza dawa za steroidi miaka mingi, umekwisha kuwa mwepesi. Mtu akianguka, kishindo chote huishia pale viwili hivyo vinapokutana.

Daktari hujiuliza kwanza: chuma bado kimeshika mfupa? Nyinyi mnalijua jembe. Mpini ukipasuka na jembe bado limekaza, utaufunga urudi shambani. Jembe likicheza, hata ufunge mpini kwa waya, hulimi. Basi chuma kikiwa kimekaza tunaunga mfupa, kwa bamba na skrubu ubavuni mwa paja, au kwa chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya mfupa kutokea gotini. Kikiwa kimelegea tunakitoa, tunaweka goti lingine lenye shina refu linalozama ndani ya mfupa. Mfupa uliosagika kabisa, ncha yote ya chini ya paja hubadilishwa. Plasta peke yake ni ya yule ambaye mfupa haukuhama, na picha zirudiwe. Naogopa sana kumlaza mzee wiki nyingi: vidonda vya mgongo, damu kuganda, nimonia. Hivyo ndivyo vinavyotuondolea wazee wetu.

Akianguka mtu mwenye goti hilo, nawasihi, msimchue wala msimvute. Mfungeni ubao kwa leso toka nyonga hadi kifundo, mlazeni kwenye gari la kwenda hospitali ya Mulago, Kampala, si boda. Na mguse vidole vya mguu. Vikiwa baridi au vimekufa ganzi, huenda mshipa wa damu nyuma ya goti umebanwa. Semeni hivyo mlangoni mara tu mkifika.

Chukueni na kadi ya upasuaji yenye jina na saizi ya goti. Magoti mengine yana uwazi katikati, mengine yamezibwa, na chuma kirefu hakipiti palipozibwa. Kadi ya bibi yule ilikuwa kwenye nailoni, chini ya sanduku la nguo. Mjukuu alirudi nyumbani kuitafuta. Ndiyo iliyotuonyesha kwamba goti lake lina uwazi, tukapitisha chuma kirefu. Mwezi wa tano alikuja kliniki na fimbo moja, kadi iko mkobani.