Vidole kwenye Kuta za Charleston

Ndugu zangu, tofali hili mezani halikutoka Marekani. Nimeliokota kwenye tanuru la jirani yangu. Mkiligeuza ubavu mtaona kibonyeo cha kidole gumba, pale aliyelibeba alipolishika likiwa bado bichi. Mjini Charleston, South Carolina, vibonyeo kama hiki, vilivyoachwa na watumwa waliofyatua matofali, vimejaa kutani, na vingine ni vidogo mno kuwa vya mtu mzima.

Mji ule uliungua vibaya Novemba 1740. Ikapitishwa sheria majengo yawe ya matofali au mawe. Mawe wangeyatoa wapi? Ile ni pwani tambarare, mchanga na udongo. Wenye mashamba kando ya mito ya Wando na Cooper wakaona biashara: udongo upo, kuni zipo, mto wa kupitisha mashua upo, na watumwa wapo.

Kazi yenyewe wengi humu mnaijua. Udongo unachimbwa, unalowekwa, unakanyagwa mpaka ulainike. Mfyatuaji anabamiza donge kwenye kalibu iliyonyunyiziwa mchanga, anakwangua juu, anapindua. Kubeba hadi uwanja wa kuanikia mara nyingi ilikuwa kazi ya watoto. Hapo, na wakati wa kuyageuza yakauke, ndipo vidole vilipozama.

Shamba la Boone Hall, karibu na Charleston, lilikuwa la akina Horlbeck. Kufikia 1850 watumwa 85 walikuwa wakitoa matofali milioni 4 kwa mwaka. Gawanyeni wenyewe: zaidi ya 47,000 kwa kila kichwa, na hapo hamjatoa siku za mvua. Waliofyatua kwa mkono wanaelewa kwa nini nasema kiuno kinauma kuisikia tu.

Sasa niseme linalonikera kidogo. Wageni wakienda kule hupiga picha zile alama, wanasikitika, wanaondoka. Si vibaya. Ila alama ya kidole inatuonyesha mkono tu, tukadhani kilichoibwa ni nguvu. Twendeni kwenye tanuru. Matofali maelfu kwa maelfu yamepangwa kwa nafasi ili moto upite, nje yamekandikwa udongo, na moto unakokwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Ukizidisha, ya karibu na moto yanayeyuka na kugandana. Ukipunguza, ya pembeni yanabaki mabichi. Kipimajoto hakuna. Fundi anasoma rangi ya moto, anatazama lundo linavyodidimia juu, ndipo anaamua: zibeni midomo ya tanuru. Kosa moja, kazi ya wiki nyingi imeharibika. Huyo fundi alikuwa mali ya mtu, na ujuzi wake ukaingia kwenye bei yake.

Hata ngome ya Fort Sumter kwenye bandari ya Charleston, ilipoanzia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani Aprili 1861, ilijengwa kwa mamilioni ya matofali, na mikono ya watumwa imo humo.

Pale Boone Hall zimebaki nyumba tisa za watumwa, nazo za matofali. Zimejipanga kando ya njia ya kuingilia, mgeni azipite kabla hajafika kwa bwana, aone jinsi mwenyeji wake alivyo tajiri.

Haya, lipitisheni hilo tofali, kila mtu alishike. Taratibu tu, mzee wangu: hilo lilikaa pembeni mwa tanuru, halikuiva.