Barabara ya kuzunguka parke, itapita kwa shamba ya nani?

Jambo yenu ba mama na ba baba, na ninyi vijana mumejaa pale kwa mlango, ingieni, nafasi iko. Sikuja hapa kusema barabara ya lami ya kupita parke ya Kahuzi-Biega, ile ya gorila, ni mubaya. Mimi mwenyewe nimeshalala ndani ya kamio njia ya Bunyakiri, matope mpaka kwa mlango, mvua haikati, na ule usiku kama mtu angeniuliza gorila ao lami ningejibu lami hata bila kufikiri. Kwa hiyo mwenye kusema lami ipite tu, mimi simtukane.

Lakini muangalie vile iko. RN3, barabara ya taifa namba 3, inatoka hapa Bukavu, inapanda Miti, inafika Tshivanga, halafu inaingia katikati ya msitu wa Kahuzi-Biega, kama kilometa 18 hivi, njo inashuka Hombo kuelekea Walikale na Kisangani. Parke ilizaliwa 1970 na kilometa mraba 600, 1975 wakaipanua mpaka 6.000, UNESCO wakaiandika urithi wa dunia 1980, na toka 1997 iko kwa liste ya urithi wenye kuwa hatarini. Sasa lami kwa msitu haileti tu ba kamio, inaleta na makala, ule mkaa wa kupikia unatoka kwa miti ya msitu. Siku moja nilikaa pale Miti kwa benchi ya mama mumoja anauzisha ndizi za kuchoma, pikipiki zinapita na mifuko ya makala imejaa kupita mdomo, juu wameshindilia majani na kufunga na kamba. Mama ananiambia, "Mwana wangu, lami ikifika makala itashuka bei, na wewe utanunua." Nikanyamaza. Ni kweli, ningenunua.

Basi watu wa mji tukapata jibu lepesi: wazungushe! Barabara ipite pembeni, gorila wabaki kwao. Tunapiga makofi tunarudi nyumbani. Lakini pembeni ya parke ni wapi? Ni Kabare, ni Kalehe, ni shamba ya mtu, na kule hakuna nafasi ya bure hata ya kusimamisha mbuzi. Na huyo mtu shamba yake ni ya kalinzi: wazee walipeleka ng'ombe kwa mwami, mfalme wa kimila, ao kwa mkubwa wa kijiji, wakapewa udongo, mashahidi wakakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, ikaisha. Mama mumoja alinionyesha karatasi yake, imekunjwa mara nne ndani ya plastiki ya sukari, wino umebaki kama kivuli, jina ni la baba mkwe aliyeshakufa. Njo document yake yote hiyo. Injinia akija na ramani na wino nyekundu, huyu mama atalipwa kwa jina gani?

Sheria ya udongo ya 1973 ilisema udongo wote ni wa Leta, ni kusema serikali, ikaahidi kwamba mashamba ya kimila yatapangwa na ordonansi, amri ya prezida, na kalinzi ikabaki inaning'inia. Lakini Katiba ya 2006, artikle 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria AO KWA MILA, na inadai malipo ya haki, tena mbele ya kunyang'anya. Lishikeni hilo neno mila. Batwa, wenyeji wa asili wa ule msitu wa parke, hawakuwa na mtu wa kuwasemea hivyo, walitolewa msituni bila kitu, na ilikuwa mpaka 2024 njo Tume ya Afrika ya haki za binadamu ikatangaza kwamba Leta ya Congo iliwavunjia haki. Zaidi ya miaka 40!

Msifikiri ni sisi peke yetu. Kule Uingereza, barabara ya kuzunguka mji wa Newbury, 1996 vijana wa kuipinga walijenga vibanda juu ya miti wakalala mule baridi kali, na bado miti kama 10.000 ikaanguka, 1998 gari zikapita. Na wenyeji wengi wa mji waliitaka hiyo barabara, juu foleni iliwachokesha. Serengeti ilienda tofauti. 2010 Tanzania ilitaka barabara upande wa kaskazini mwa parke, shirika la Kenya linaitwa ANAW halikulala juu ya mti wowote, lilienda kwa korti ya Afrika Mashariki pale Arusha, na Juni 2014 majaji wakasema lami mule inavunja mkataba wa EAC, ile Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hapa munisikilize vizuri. Congo tumeingia EAC 2022, hiyo korti ni yetu pia. Mkaaji yeyote anaweza kupeleka kesi, hata mwenye shamba moja ya maharagi. Lakini mkataba unatoa miezi 2 tu kuanzia siku kitendo kimefanyika ao umekijua. Miezi 2! Sisi hiyo miezi 2 tunaimalizia kwa kuchagua prezida wa komite.

Kwa hiyo mbele ya kelele, karatasi. Piga foto ya kalinzi yako, andika mashahidi wangali hai, jina, kijiji, mpaka wa shamba ni mti gani. Sheria ya mazingira ya 2011 inadai utafiti wa athari na wananchi waulizwe, basi siku ile wataitisha kikao nendeni muko wengi, na muulize ramani yenyewe, msikubali kuchorewa na kidole kwa hewa.

Mzee pale nyuma ameinua mkono toka nianze kusema Kabare. Mpeni mikro. Baba, shamba yako iko upande gani?