Saa ya kungoja: muziki kwa mgonjwa wa moyo wa dharura

Wauguzi wenzangu, madaktari, na ninyi wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma, habari za asubuhi.

Nianze na mgonjwa ambaye sote tunamjua. Kaletwa kashika kifua, jasho linamtiririka. Ndani ya dakika 10 ameshapimwa umeme wa moyo, kawekewa dripu, katolewa damu ya kupima troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia. Halafu watu wote wanatoweka. Pazia linavutwa, anaambiwa, “Subiri kidogo, tutarudia kipimo.” Hiyo “kidogo” ni saa moja, pengine tatu. Analala pale anasikiliza. Mashine yake inalia, ya jirani inaitikia kwa mlio mwingine, machela inakwaruza sakafu, na ng’ambo ya pazia kuna mtu anakoroma au anakata roho, yeye hajui ni lipi. Leo nataka tuzungumzie saa hiyo.

Kwa Kiswahili tunasema moyo tukiwa na maana ya kiungo, na tunasema moyo tukiwa na maana ya hofu na matumaini. Kitandani pale maana hizo mbili hazitengani. Hofu ikipanda, adrenalini inamwagika, mapigo yanakwenda mbio, presha inapanda, na msuli wa moyo unadai oksijeni zaidi. Sasa wanafunzi, sikilizeni hapa, maana ndipo mnapoteleza kwenye mtihani: ukuta wa upande wa kushoto wa moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake moyo unapolegea, baina ya pigo na pigo. Mapigo yakikimbia, nafasi hiyo ndiyo inayopungua. Yaani mtu ambaye mshipa wake umeshaanza kuziba, hofu inamzidishia matumizi na papo hapo inamkata mapato.

Je, muziki unasaidia? Mwaka 2013 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walitoa mapitio ya majaribio 26 yenye wagonjwa 1,369 wa mishipa ya moyo. Kwa waliopata mshtuko wa moyo, wasiwasi ulishuka kwa wastani wa takriban pointi 6 kwenye kipimo kinachoanzia 20 hadi 80. Mapigo na namba ya juu ya presha navyo vilishuka kidogo. Si muujiza, na waandishi wenyewe walikiri kwamba ubora wa ushahidi haukuwa mkubwa. Jaribio zuri humficha mgonjwa tiba aliyopewa, na huwezi kumficha mtu kama anasikia muziki au hasikii! Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki: nafuu ilikuwa kubwa, tena bila kuyumba, pale mgonjwa alipochagua muziki mwenyewe.

Hapo ndipo tunapokosea. Tunadhani muziki wa kutuliza ni kinanda laini chenye maji yanayotiririka nyuma yake. Nani kasema? Kuna mzee ambaye kinanda hicho kitamkumbusha mazishi, na taarabu ndiyo itakayomshusha mabega. Mwingine anataka kaswida, mwingine kwaya, mwingine dansi la ujana wake. Mtu huyu saa nzima iliyopita hakuulizwa atakalo. Amevuliwa shati, amechomwa, amegeuzwa. Swali la “Ungependa kusikia nini?” linamrudishia usukani, na nadhani nusu ya dawa imo humo.

Akikosa la kusema, basi mpe wimbo wa mwendo wa pole, mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, usio na ngoma za kushtukiza. Dakika 20 au 30 zinatosha. Tena msiuogope ukimya. Mwaka 2006 Luciano Bernardi na wenzake huko Italia waliwasikilizisha watu 24 muziki wa aina mbalimbali. Mwendo wa kasi uliwapandisha pumzi, presha na mapigo. Walipokatiza muziki kwa dakika 2, vipimo vilishuka hata chini ya pale vilipoanzia. Kwa hiyo wimbo ukiisha, usikimbilie kuweka mwingine.

Upande wa utendaji nitapita haraka. Muziki haumcheleweshi mtu: mshipa ulioziba kabisa unataka kuzibuliwa ndani ya dakika 90, na hapo hatutafuti nyimbo. Tumia hedifoni, si spika ya wodi nzima, maana raha ya huyu ni kero ya yule. Sauti iwe ya chini kiasi cha kukusikia ukimwita. Maumivu yakirudi lazima aweze kusema. Na mwenye betri ya moyo, yaani kifaa kilichopandikizwa kifuani kuongoza mapigo, hedifoni zisilazwe kifuani hata kwa dakika moja. Zina sumaku, na zikiwa ndani ya sentimita 3 zinaweza kuivuruga betri. Masikioni hazina neno. Balaa ni pale anapozivua na kuzishusha kifuani ili aongee nawe, jambo ambalo kila mtu hulifanya bila kufikiri.

Naona mkono kule kati. Ndiyo, dada. Anauliza: mgonjwa akianza kulia je?

Hutokea. Wimbo alioutaka mwenyewe unaweza kumkumbusha marehemu mkewe. Usirukie kuuzima. Tazama skrini, angalia mapigo na presha, kisha muulize, “Nizime?” Wengi hutikisa kichwa kukataa. Akisema zima, zima, uvute kiti ukae naye hata dakika mbili. Najua, dakika zenyewe hamnazo. Haya, swali jingine.