Unapaka nini?

Mchoro wa jicho mmeuona tangu sekondari, tuuache. Mimi nina swali ambalo ninyi wa maduka ya dawa mmenichoka nalo: mgonjwa anapaka nini?

Anakuja mwanaume wa miaka arobaini hivi. Jicho moja lina kivuli katikati, mistari ya daftari imepinda, vitu anaviona vidogo. Tukipiga picha ya retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, majimaji yamejikusanya chini yake, palepale anaposomea. Ugonjwa huu kwa Kiingereza unaitwa central serous chorioretinopathy. "Unatumia dawa?" "Hapana, daktari, situmii dawa yoyote." Mkewe anaguna. Puani unapuliza nini? "Aa, hiyo ya mafua tu." Na usoni? "Mafuta haya." Mafuta gani, yale yenye klobetasoli? Mkewe anaguna tena. Goti lilipouma je? "Nilichomwa sindano. Lakini hiyo sindano, siyo dawa."

Mnacheka. Zote tatu ni steroidi, jamii moja na kotisoli, homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Ikizidi, mishipa iliyo nyuma ya retina huvimba na kuvujisha maji, na safu ya seli inayopaswa kuyazuia huelemewa. Na mkorogo je? Siku hizi ndimo steroidi zinamojificha, na ngozi inazinywa.

Najua kuna atakayeniambia: daktari wa macho Albrecht von Graefe aliueleza ugonjwa huu Ujerumani mwaka 1866, steroidi za dukani zilikuwa wapi? Hazikuwapo. Mwili nao huzidisha kotisoli wenyewe: msongo, ujauzito, uvimbe unaoleta ugonjwa wa Cushing. Sibishi. Ila msongo wa mtu siwezi kumwondolea leo, krimu naweza.

Na wewe wa pumu pale nyuma, usitoke hapa ukatupe vidonge vyako vya steroidi! Tezi za adrenali, zinazotengeneza kotisoli, zikilala miezi haziamki kwa siku moja, na kuacha ghafla kunaweza kuua. Rudi kwa aliyekuandikia, mpange pamoja.

Matibabu, harakaharaka. Wengi hupona wenyewe ndani ya miezi mitatu au minne, hasa steroidi ikiondoka. Kidonge cha eplerenoni tulichokitumainia, utafiti wa Uingereza wa 2020 ulionyesha hakizidi kidonge kisicho na dawa ndani.

Halafu hili, na hapa nitakuwa mkali: mtu akija kaunta akasema tu "naona ukungu", msimpe matone ya deksamethasoni, nayo ni steroidi. Mpelekeni akapimwe. Haya, maswali.