Seoul: ukiingia makumbusho, soma vipimo

Habari za huko nyumbani, wadau. Leo tuko Gwanghwamun, katikati ya Seoul, nje ya Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Kisasa ya Korea. Jengo lilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012, kiingilio hakuna, na kutoka kituo cha treni ya chini cha Gwanghwamun ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Wageni wengi hukimbilia redio za kampuni ya Goldstar na magari, wanapiga picha, wanaondoka. Leo hayo tunayaruka. Tunatazama tofali la makaa, bakuli la wali, mfuko wa saruji na pete ya mtoto. Vitu vya aina hii utavikuta pia Makumbusho ya Taifa ya Mila, ndani ya eneo la kasri la Gyeongbokgung, ambako nako huingii kwa pesa.

Mbinu yangu ni moja: usianze na maelezo ya ukutani, anza na vipimo. Kitu kina uzito gani, kina upana gani, nani aliamua kiwe hivyo. Korea ya kati ya 1960 na 1990 ilikuwa na serikali iliyoingia hadi jikoni, na iliingia na rula na mizani.

Tuanze na hili jeusi lenye matundu. Linaitwa yeontan. Ni unga wa makaa ya mawe magumu, uliolowanishwa kwa maji na kushindiliwa kwenye mashine hadi ukawa tofali la mviringo. La kawaida la nyumbani lina upana wa sentimita 15, kimo kama sentimita 14, uzito kilo 3.6 hivi. Hesabu matundu. Ya zamani yalikuwa na matundu 9, baadaye 19, kisha 22, na hilo la 22 ndilo lililozoeleka zaidi. Matundu ni njia ya hewa. Yakiongezeka, moto unashika haraka na joto linapanda, ila tofali nalo linaisha mapema.

Sasa namna lilivyotumika, maana hapa ndipo penye utamu. Jiko linachukua matofali mawili, moja juu ya jingine, mengine matatu. La chini linawaka, la juu ni jipya. Unapobadilisha unayatoa yote kwa koleo refu la chuma. La chini limeshakuwa jivu, hilo unatupa. Lile la juu, ambalo sasa ni jekundu, unalishusha chini. Jipya unaliweka juu yake, na matundu ya tofali la juu lazima yaangukie matundu ya la chini. Yakipishana, hewa haipandi na moto unakufa. Ukimaliza unarekebisha kizibo cha hewa chini ya jiko. Ukikiacha wazi mno, sakafu inaungua na karatasi ya mafuta iliyobandikwa juu yake inageuka nyeusi upande wa jikoni. Ukikibana mno, makaa hayaungui vizuri na gesi ya sumu inaongezeka.

Kasoro nyingine: tofali lililokufa huganda na lile lililo juu yake, ikabidi kuyatenganisha kwa kisu au chuma, polepole, maana ukipiga kwa nguvu jekundu linavunjika na moto wa siku nzima umekwenda. Na tofali lililolowa mvua lilikuwa balaa tupu, ndiyo maana yalipangwa chini ya paa.

Kazi hii ilirudiwa mara mbili au tatu kwa siku, na mara nyingi zamu moja iliangukia usiku wa manane. Moto ukizimika saa tisa usiku, hakuna kwenda kugonga duka, kwa sababu hadi Januari 1982 kulikuwa na amri ya kutotoka nje tangu saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Kwa hiyo mama mwenye nyumba aliweka akiba ya tofali jembamba la kuwashia, linaloshika moto haraka, liitwalo beongaetan.

Swali la haki: kwa nini jiko la kupikia lipashe sakafu? Nyumba ya Korea hupashwa moto kutoka chini. Mfumo huo, ondol, ni wa kale: moto unawashwa kwenye tundu nje ya chumba, moshi unapita kwenye mifereji chini ya mawe bapa, unatokea kwenye bomba la moshi upande wa pili. Juu ya mawe kuna udongo, juu ya udongo karatasi yenye mafuta. Watu wanalala papo hapo. Mfumo huu ulijengwa kwa ajili ya kuni, zenye mwali mrefu unaosukuma moshi kwa nguvu. Kuni zilipoadimika na vilima kubaki vipara, mijini wakahamia makaa ya mawe bila kubomoa sakafu. Hapo ndipo hatari ilipoingia. Makaa haya yanaungua polepole bila mwali wa maana, mvuto wa hewa ni dhaifu, na siku bomba la moshi likiwa baridi gesi inarudi nyuma. Ufa mdogo tu kwenye udongo wa sakafu unatosha kuipitisha chumbani.

Gesi yenyewe ni kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na hushikana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo. Mtu anaamka na kichwa kinamgonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu ya kumfikisha mlangoni. Dawa ya mtaani ilikuwa kumnywesha maji baridi ya kachumbari ya figili, dongchimi. Hayatibu chochote, na kummiminia mtu aliyezimia kinywaji ni kumtafutia kupaliwa. Kinachosaidia ni kumpeleka kwenye hewa safi na kumpa oksijeni. Hospitali nyingi ziliweka vyumba vya oksijeni ya mgandamizo, kisha makaa yalipoisha majumbani vyumba navyo vikapungua hadi vikawa vya kuhesabu.

Mnaoingiza jiko la mkaa chumbani Njombe au Limuru wakati wa baridi na kufunga dirisha, gesi ni hiyohiyo. Kutokuwepo kwa moshi si dalili ya usalama.

Na vijana mnaokuja kusoma huku: ondol haijafa. Kila ghorofa unaloliona lina mabomba ya maji moto chini ya sakafu, yanayopashwa na boila, mara nyingi ya gesi. Ukipanga chumba chenye boila yake, angalia bomba lake la moshi kabla hujaweka begi chini: limeingia kikamilifu kwenye maungio, halijachomoka wala kupasuka? Desemba 2018, katika nyumba ya wageni mjini Gangneung, bomba la aina hiyo lilikuwa limeachana na boila, na wanafunzi watatu wa sekondari wakafa. Tangu 2020 boila mpya za gesi lazima ziwekwe pamoja na kengele ya kutambua gesi hiyo. Za zamani unainunua mwenyewe.

Makaa yalitoka milima ya Gangwon: Taebaek, Jeongseon, Samcheok. Aprili 1980 wachimbaji wa Sabuk waliasi kwa sababu ya ujira na chama cha wafanyakazi kilichokaa upande wa mwajiri. Kuanzia 1989 serikali ikaanza kufunga migodi, na Jeongseon ikapewa kasino ambayo Wakorea wenyewe wanaruhusiwa kuingia. Kama fidia, mimi naiona ni ya ajabu kidogo. Mgodi wa Jangseong, Taebaek, ulifungwa 2024. Yeontan yenyewe bado ipo: baadhi ya vitongoji maskini bado huitumia, na kila majira ya baridi utaona wafanyakazi wa ofisini wamepanga mstari kilimani wakipokezana matofali ya msaada.

Bakuli sasa. Ukiingia mgahawa wowote wa Korea unaletewa wali kwenye bakuli la chuma kisichoshika kutu, lenye kifuniko. La enzi zile lilikuwa na upana wa ndani wa sentimita 10.5, kimo sentimita 6. Vipimo hivyo vilikuwa agizo. Mwaka 1976 Jiji la Seoul lilizitaka hoteli za chakula zitumie bakuli la ukubwa huo, na wali ujazwe sehemu nne kwa tano tu. Ukikamatwa mara ya kwanza unafungiwa mwezi mmoja, ukirudia unanyang'anywa leseni. Mwaka 1981 likawa la nchi nzima. Bakuli za zamani zilikuwa kubwa mno na wali ulirundikwa kama kichuguu, na nchi haikuwa na mchele wa kutosha. Tangu 1969 Jumatano na Jumamosi, saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, migahawa haikuruhusiwa kuuza wali. Shuleni mwalimu alipita akifungua vyombo vya chakula vya watoto kuhakikisha mchele umechanganywa na shayiri. Ukiona chombo cha bati cha mwanafunzi kwenye kabati la kioo, kumbuka kwamba kilikaguliwa.

Kwa wageni: chuma kina moto, na mvuke ukipoa kifuniko hunata. Usikivute juu, kisukume kwa pembeni kwanza. Bakuli libaki mezani, tumia kijiko.

Suluhisho la mchele lilikuwa mbegu iitwayo Tongil. Mtaalamu Heo Mun-hoe aliichanganya katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga nchini Ufilipino, akiunganisha mpunga wa ukanda wa joto na ule wa Kijaponi. Wakulima wakaanza kuipata kwa wingi mwaka 1972, na mavuno yakazidi mbegu za kawaida kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 1977 Korea ikajitosheleza kwa mchele, na marufuku ya kutengeneza pombe ya makgeolli kwa mchele ikaondolewa.

Lakini mkulima aliijua upande wake wa pili. Miche haikustahimili baridi, ikabidi vitalu vifunikwe kwa plastiki. Ilitaka mbolea nyingi. Punje zilipukutika ovyo wakati wa kuvuna. Bua lake lilikuwa fupi, halifai kusuka kamba wala kuezeka. Na wali wake haukunata, kosa kubwa kwa Mkorea, ingawa mtu wa Mbeya au Mwea angeuliza tatizo liko wapi. Maofisa waliokuwa na malengo ya kutimiza walifika hatua ya kuharibu vitalu vya mbegu nyingine. Mwaka 1978 ugonjwa wa ukungu ukashambulia, na 1980 majira ya joto yakawa baridi, mavuno yakaanguka vibaya. Mapema miaka ya 1990 serikali ikaacha kuinunua.

Mfuko wa saruji nitaupitia haraka. Mwaka 1970 viwanda vilikuwa na saruji isiyo na mnunuzi. Serikali ikagawa mifuko 335 ya kilo 40 kwa kila kijiji, vijiji zaidi ya 33,000, kwa sharti kwamba itumike kwa kazi ya pamoja: barabara, daraja, kisima. Nusu hivi ya vijiji vilifanya vizuri, na vijiji 16,600 vikaongezewa mifuko 500 na tani moja ya nondo. Waliozembea hawakupata kitu. Ndiyo Saemaul Undong, yaani harakati ya kijiji kipya, ambayo leo inafundishwa hadi Rwanda na Uganda. Mtaalamu akija nayo kijijini kwenu, muulize mawili: nani anachagua kazi ya kwanza, na kijiji kikishindwa kinafanyiwa nini? Muulize pia kuhusu paa. Nyasi ziliondolewa kwa haraka, yakawekwa mabati ya saruji yenye asbesto, na hadi leo Korea inalipa gharama za kuyabomoa.

Mwisho, pete. Mtoto wa Kikorea akitimiza mwaka mmoja hupewa pete ya dhahabu ya don moja, yaani gramu 3.75. Desemba 1997 nchi iliishiwa dola ikakopa IMF, na Januari 1998 watu wakapanga foleni benki na pete hizo, mikufu na nishani. Dhahabu ilipimwa usafi na uzito mbele ya mwenyewe, akapewa risiti, fedha za won zikaja baadaye, na dhahabu ikayeyushwa kuwa vipande vya kuuza nje ya nchi. Watu milioni 3.5 hivi walitoa tani 227, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2. Mkopo wa IMF ulimalizwa Agosti 2001. Ukilinganisha na deni lote dhahabu ilikuwa sehemu ndogo, na aliyeuza pete mwaka ule kisha akatazama bei za miaka iliyofuata ana haki ya kuguna. Siku hizi don moja imekuwa ghali kiasi kwamba maduka ya sonara ya Jongno, kituo kinachofuata baada ya hapa, yanauza pete ya mtoto ya gramu moja.