Alama Nne Tu: Chemshabongo ya Ghana na Mitihani Yetu ya Kubahatisha

Asante mwenyekiti. Shikamooni wakubwa. Vijana, marahaba kabla hamjasalimia, maana muda ni mdogo.

Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, na mwalimu wa hesabu pale mbele ameshaanza kutikisa kichwa. Tikisa tu, ndugu yangu. Nitayasema haya mpaka mtihani wa majaribio wa shule hii ubadilike.

Nawapeleka Ghana. Wenzetu wana mashindano ya sayansi na hisabati ya shule za sekondari, yalianza 1993, yanaonyeshwa kwenye televisheni, na nchi inayafuatilia kama sisi tunavyofuatilia Simba na Yanga. Wanafunzi waliomaliza shule miaka thelathini iliyopita wanavaa rangi za shule yao kwenda kushangilia swali la fizikia. Mama wa kwanza kuuliza maswali yale, Profesa Marian Ewurama Addy, bingwa wa biokemia, alipewa Tuzo ya Kalinga ya UNESCO mwaka 1999 kwa kazi ya kuwafikishia watu sayansi. Tangu 2006 kiti hicho amekikalia Profesa Elsie Effah Kaufmann. Ukikosea mbele ya mama huyu, anakusahihisha kwa upole na alama huna.

Sasa, fainali ya 2021. Shule tatu jukwaani. Prempeh ya Kumasi. Presec ya Legon, waliokuwa wanatetea kombe. Na Keta, shule ya kwanza kutoka Mkoa wa Volta kufika fainali, ikiwa na msichana katika timu, jambo ambalo fainali zilikuwa hazijaliona kwa miaka. Mwisho wa siku: Prempeh 53, Presec 49, Keta 30.

Tofauti ya alama nne. Wazazi, naomba mzitazame hizo nne vizuri. Katika raundi ya kasi, anayewahi kengele na kupatia anachukua tatu, anayewahi na kukosea anakatwa moja. Kwa hiyo swali moja ninyi mlipatie, jingine mpinzani wenu akurupuke, tayari pengo ni nne. Katika raundi ya kweli au si kweli, ukipatia unapata mbili, ukikosea unakatwa moja, na ukiona hujui unaruhusiwa kunyamaza, swali linakwenda kwa jirani. Halafu raundi ya mwisho, ninayoipenda kuliko zote: vitendawili. Wanasoma madokezo, la kwanza gumu, yanayofuata yanazidi kufunguka. Ukijibu kwenye dokezo la kwanza, alama tano. La pili, nne. La tatu na kuendelea, tatu. Na kila shule inajibu mara moja tu.

Tufanye hapa hapa. Hiki nimekitunga mwenyewe, msikitafute kwenye simu. Safu za kushoto ni timu moja, za kulia ni nyingine. Ukijua, piga meza. Kitendawili!

(Tega!)

Dokezo la kwanza: nilipewa jina kwa sababu ya rangi yangu, lakini ukinikuta nikiwa yabisi, rangi hiyo huioni.

(Meza inapigwa kushoto: "Klorini!")

Klorini! Kijana, kweli klorini ilipewa jina kwa rangi yake, na hilo si wengi wanalijua, hongera. Lakini klorini yabisi uliikuta duka gani? Umesikiliza nusu ya sentensi. Timu ya kushoto, mmefungwa mdomo, kaeni mtazame wenzenu. Kulia, dokezo la pili: ukinipasha moto natoa mvuke wa zambarau.

(Kimya.)

Walimu wa kemia mnatazama dari, nawaona, ninyi hamruhusiwi. Alama nne hizo zinaondoka. Ndizo zilezile nne, mnazikumbuka? Dokezo la tatu: nidondoshe kwenye kiazi kilichokatwa, nitakigeuza bluu inayokaribia weusi. Mnanong'ona. Nong'oneni haraka. La nne: nikikosekana kwenye chakula, shingo huvimba.

(Meza inapigwa kulia. Mzazi mmoja: "Madini joto!")

Iodini! Madini joto, ile iliyoandikwa kwenye pakiti ya chumvi jikoni kwako. Mpigieni mama makofi. Alama tatu, na kulia mmeshinda.

Sasa sikilizeni, maana hotuba yangu yote iko hapa. Kati ya yule kijana na mama huyu, nani anajua kemia zaidi? Kijana, bila ubishi. Mama ameniambia mwenyewe tukinywa chai kwamba aliiacha kemia kidato cha pili. Lakini mama alijua kwamba hajui, akakaa kimya kwenye dokezo la kwanza, la pili, la tatu, na alipojua kwamba sasa anajua, alipiga meza. Kijana hakukosa elimu. Alikosa kipimo cha elimu yake. Na simlaumu hata kidogo, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha.

Tulimfundisha lini? Kila siku. Kila mwalimu humu, nami nimo, kabla ya mtihani wa kuchagua jibu tunawaambia nini? "Msiache swali wazi!" Tunawaambia kwa sauti ya kanisani. Maswali arobaini, kila moja lina majibu manne. Mtoto asiyejua kitu chochote, akiweka duara huku akiimba, kwa wastani atapata kumi. Kumi za bure. Na yule aliyejua kumi kwa haki, akaogopa kudanganya katika thelathini zilizobaki, naye ana kumi. Mwaminifu na mbahatishaji wanakaa dawati moja, na ripoti za wazazi zinafanana. Baada ya miaka mingi ya shule za namna hii tunashangaa kwa nini vijana wetu hawawezi kusema "sijui" kwenye usaili wa kazi. Waliisemea wapi? Hakuna mtihani uliowahi kuwapa faida kwa kuisema.

Najua mnachotaka kuniambia. "Mwalimu, ukikata alama unawavunja moyo watoto." Hayo nayasikia kila mahali, na kila mara kutoka kwa watu wazima. Watoto wenyewe hucheza bao, hucheza karata, hucheza michezo ya simu ambayo inawakata kila dakika, na hawalii. Anayevunjika moyo ni mzazi akiona namba imeshuka.

La pili linanisumbua kidogo, kwa sababu liliulizwa na mwanafunzi. Aliniambia: "Mwalimu, hiyo ya Ghana ya kweli au si kweli mbona kubahatisha bado kunalipa?" Akapiga hesabu ubaoni. Maswali kumi, urushe sarafu. Matano utapatia, mbili mara tano ni kumi. Matano utakosa, unakatwa tano. Zinabaki tano za bure! Na ukinyamaza, unampa jirani nafasi ya kupata mbili. Yuko sahihi, na nilimpa peni yangu. Kukata alama kwa kukata tu hakutoshi, lazima ukate kiasi kinachofuta faida ya sarafu. Kwenye majibu manne, hesabu ni nyepesi: kila kosa likatwe theluthi ya alama. Mbahatishaji wetu wa arobaini anapata kumi, anakosa thelathini, theluthi ya thelathini ni kumi. Sifuri! Ndicho anachokijua, sifuri. Na ukiacha wazi hukatwi kitu.

Nitaje na Uingereza kwa haraka, maana kuna wasioamini jambo mpaka litoke Ulaya. University Challenge, mashindano ya vyuo, yalianza 1962. Swali la kuwania ni alama kumi, ukilipata timu yako inapewa maswali matatu ya nyongeza, tano kila moja. Ukikosea baada ya swali kusomwa lote, hukatwi. Ukimkatiza msomaji halafu ukakosea, unapoteza tano. Yaani wanaadhibu haraka, si ujinga. Fainali ya 2025, chuo cha Christ's cha Cambridge walipata 175, Warwick 170. Tano! Swali moja la nyongeza, au kidole kimoja kilichotangulia akili. Na usiniambie kwamba ukingoja utakuwa salama, kwa sababu ukingoja mno mwenzako anabonyeza. Hapo ndipo utamu ulipo: mchezaji anajipima kila sekunde, ninajua kiasi gani sasa hivi, na mwenzangu je?

Nilikuwa na hoja kuhusu lugha. Ya Ghana yanaendeshwa kwa Kiingereza, na mtu ataniuliza kama ya kwetu yawe kwa Kiswahili. Mmeona mama alivyojibu? Basi. Nilikuwa na hoja kuhusu wasichana, kwa nini shule za wavulana ndizo zinazotawala orodha ya mabingwa kule, lakini hiyo inataka siku yake. Na habari ya vituo vya televisheni na wafadhili naiacha kabisa, mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya pili.

Ombi langu ni dogo. Mtihani wa majaribio wa muhula huu, sehemu ya kuchagua, tusahihishe kwa theluthi. Kama theluthi inawasumbua, hesabuni makosa matatu kwa alama moja. Watoto waambiwe mapema, waandikiwe kabisa juu ya karatasi: ukiwa hujui, acha wazi. Msiwashtukize, hiyo itakuwa dhuluma. Na karatasi zote za kidato cha nne nileteeni mimi, nitazisahihisha kwa njia zote mbili, ya zamani na hii, tuzibandike ukutani bila majina. Nataka tuone nani anashuka, na ameshuka kutoka wapi.