Kufufua Mashine ya Pole Position Nyumbani

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika. Mchezo nitakaouzungumzia jioni hii ni Pole Position, mchezo wa video wa mbio za magari, uliotengenezwa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1982 na kuuzwa nchini Marekani na Atari. Mchezaji huendesha gari la mashindano katika uwanja wa Fuji: kwanza hukimbia mzunguko mmoja wa kugombea nafasi ya kuanzia, kisha, akifuzu, huingia kwenye mbio zenyewe. Mwaka 1983 ulikuwa miongoni mwa michezo iliyoingiza fedha nyingi zaidi Marekani, na ndiyo maana makabati yake, yaani yale masanduku ya mbao yanayobeba skrini, usukani na mitambo yote, yangali yakipatikana hadi leo, ingawa mengi yamelala stoo miaka na miaka, mbao zimevimba kwa unyevu na waya zimetafunwa na panya. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba anayeirudisha mashine hii katika hali yake aanze na umeme, na rangi aiache hadi mwisho.

Naelewa kwa nini wengi hufanya kinyume chake. Mbao zilizobanduka huonekana mara tu unapoingia chumbani, na kupiga msasa na kuziba mashimo kwa puti ni kazi inayotia moyo. Hata hivyo, kabati lililokwisha kung'arishwa, kisha likageuzwa na kufunguliwa kila mara ili kutafuta hitilafu, halikosi kupata mikwaruzo mipya.

Chini kabisa ya kabati la Atari kuna sahani ya chuma iliyobeba transfoma, fyuzi na kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) kubwa ya rangi ya buluu, yenye ujazo wa zaidi ya mikrofaradi 20,000. Ikiwa ni ile ile ya tangu kiwandani, ibadilishwe bila mjadala, kwa maana imeshazeeka. Mwenye kuipeleka mashine ya Marekani mahali penye umeme wa volti 230 au 240 ahakikishe kwanza kwamba transfoma imepangwa kwa volti hizo.

Baada ya hapo ndipo tunapofika kwenye ugonjwa mkuu wa Pole Position. Mchezo huu una prosesa mbili za Z8002 za biti 16 na moja ya Z80, zilizosambaa katika bodi mbili kubwa, na zote hunywa mkondo mwingi wa volti 5 kupitia miguu myembamba ya shaba iliyo ukingoni mwa bodi. Miguu hiyo ikishika uchafu, hupata moto, na moto huo huzidi kuiharibu hadi plastiki ya soketi inakuwa kahawia. Bodi inayosawazisha umeme hupima volti kule zinakofika, kwa hiyo ikiona zimepungua huongeza nguvu ili kufidia, na hatimaye nayo huungua. Chukueni mita, mpime volti kwenye bodi ya kusawazisha, kisha mpime kwenye chipu za bodi ya mchezo. Tofauti ikizidi robo ya volti, tatizo liko kwenye soketi, na kubadilisha chipu hakutasaidia chochote. Safisheni miguu, na soketi zilizoungua zing'olewe na kuwekwa mpya.

Kuhusu kioo cha kichogo, yaani skrini ya mashine, nitasema machache, lakini kwa uzito. Ndani yake kuna volti 20,000 na zaidi, nazo zinaweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiyejua kuzitoa kwa waya uliofungwa kwenye fremu ya chuma amwachie fundi wa televisheni za zamani.

Sasa usukani, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Usukani wa Pole Position hauna mwisho: huzunguka kushoto au kulia kadiri mkono unavyotaka. Nyuma yake, kwenye mhimili, kuna kisahani chenye matundu kinachopita kati ya taa ndogo na vihisi viwili vya mwanga. Kihisi kinachotangulia kufunikwa ndicho kinachoijulisha mashine upande, na kasi ya matundu huijulisha gari limekatwa kiasi gani. Gari likikata upande mmoja tu hata ukigeuza usukani upande wa pili, futeni vumbi kwenye vihisi kabla ya kuilaumu bodi. Kwa sababu hiyo nasikitika nikiona kabati lililotolewa matumbo yake yote na kuwekewa kompyuta, skrini bapa na usukani unaogota pembeni. Mikono huhisi tofauti hiyo kwenye kona ya kwanza.

Pedali ya mafuta ni rahisi zaidi, kwani chini yake kuna potenshomita, kifaa kinachobadili ukinzani wa umeme kadiri pedali inavyokanyagwa, nacho hubadilishwa kwa dakika chache. Kabati la kusimama halina breki kabisa. Breki ipo kwenye lile la kukalia. Gia ni mbili tu, ya chini na ya juu, na swichi yake haichoki upesi.

Umeme ukitulia na mchezo ukicheza jioni nzima bila kujizima, chukueni karatasi nyembamba na mnakili michoro ya ubavuni kwa ukubwa wake halisi, pamoja na kipimo cha kila ukingo. Msasa ukishapita juu yake, hakuna tena cha kunakili.